Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa bibi analipwa na serikali: kwa nini Katuba hapana?

Swali: "Mwalimu, ninakaa Katuba, Lubumbashi, nina watoto 5, ninauza bunga (unga) kwa meka, kipimo chetu cha sokoni, kwenye soko la mtaa wa Kenya. Mume wangu alifanya kazi ya siku kwa siku kwa miezi 7 katika kampuni inayohudumia mgodi. Machi walimwambia asirudi tena, bila karatasi yoyote. Dada yangu ameolewa Chililabombwe. Anasema mama mkwe wake, mjane anayelea wajukuu, anapokea pesa ya serikali ya Zambia kila baada ya miezi 2. Huku kwetu malori ya madini yanapita usiku na mchana. Je, serikali ya Kinshasa au ya jimbo haina kitu kama hicho kwa familia kama yangu? Na kama haina, mimi naweza kudai nini?"

Mama, pesa ya namna hiyo, inayolipwa familia kila mwezi kwa sababu tu ni masikini, haipo Kongo kama haki ya raia, na jimbo letu la Haut-Katanga halina ya kwake. Lakini swali lako la mwisho lina jibu kubwa kuliko la kwanza, tena muda unakwenda, kwa hiyo naanza nalo.

Mume wako hakuwa "mtu wa siku" kama walivyomwambia. Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002, iliyorekebishwa 2016, inasema hivi: mtu anayeajiriwa siku kwa siku akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, kisha akaitwa tena kabla miezi hiyo 2 haijaisha, kontra (mkataba) mpya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Mwajiri hahitaji kukubali wala kutia saini ndipo iwe hivyo, sheria yenyewe imeshaamua. Mtu aliyefanya kazi miezi 7 mfululizo alivuka mstari huo zamani. Maana yake, ili kumwachisha ilihitajika sababu halali, barua, na muda wa taarifa usiopungua siku 14 za kazi (aliyemaliza mwaka mzima huongezewa siku 7 kwa kila mwaka). Kumwambia getini "kesho usije" si kumwachisha kihalali.

Najua utakachosema: hatuna karatasi. Sheria inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha kazi yake kwa njia zote. Kadi ya kuingilia mgodini, jaketi yenye jina la kampuni, ujumbe wa simu unaoonyesha pesa ilitumwa na nani na lini, daftari la msimamizi lililopigwa picha, wenzake wawili watakaokubali kusema: vyote hivyo ni ushahidi. Vikusanyeni wiki hii, kabla simu haijaibiwa au kubadilishwa. Halafu aende kwenye ofisi ya Inspection du Travail (ukaguzi wa kazi), si mahakamani moja kwa moja, kwa sababu kesi ya mfanyakazi mmoja haipokelewi na mahakama ya kazi kabla haijapita kwa mkaguzi kwa ajili ya upatanisho. Watakaposhindwa kupatana, mkaguzi ataandika hati ya kushindwa, na hiyo ndiyo tiketi ya kuingilia mahakamani.

Mshahara uliobaki unadaiwa ndani ya mwaka 1. Madai mengine yanayotokana na kontra yana miaka 3. Watu wengi hapa mjini hupoteza haki yao kwa kumngoja bosi aliyeahidi "nitakuita", na anapoacha kupokea simu, mwaka umeshapita. Mume wako asingoje kuitwa.

Tukiwa bado kwenye ajira, aulize pia CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kama aliwahi kuandikishwa. Kwa sheria ya Julai 2016, mwajiri hulipa asilimia 13 ya mshahara na mfanyakazi hukatwa asilimia 5. Katika ile 13, asilimia 6.5 ni ya tawi la familia, yaani pesa iliyowekwa kwa ajili ya watoto na uzazi. Kampuni isipomwandikisha mtu, deni ni la kampuni, halihamii kwa mfanyakazi. Na kama walimkata hiyo 5 bila kuifikisha CNSS, jambo hilo aliseme mbele ya mkaguzi kwa sauti, maana waajiri wengi huogopa CNSS kuliko wanavyoogopa mahakama. Ila asitafute huko malipo ya kukosa kazi. Mfumo wetu una pensheni, ajali za kazini na familia, tawi la kukosa kazi halimo.

Shule na uzazi nitavipitia haraka. Shule ya msingi ya serikali ni bure kwa Katiba ya 2006, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza kweli. Shule za msingi za makanisa zilizo chini ya mkataba na serikali zimo pia. Wakikudai pesa ya "motivation" kwa mtoto wa darasa la 3, omba risiti yenye muhuri na jina la kitu unacholipia. Mara nyingi risiti haiji, na deni linasahaulika. Watoto wako wa sekondari hawamo katika mpango huo. Kuhusu kujifungua, uzazi wa bure ulianzia Kinshasa 2023 na unaenea kwa hatua, kupitia vituo vilivyotia saini na Mfuko wa Mshikamano wa Afya. Kama wewe au binti yako mnatarajia mtoto, ulizeni kituo "mmetia saini?" mwezi wa nne wa mimba, si usiku wa uchungu.

Sasa twende Chililabombwe.

Pesa anayopokea mama mkwe wa dada yako ilianza 2003 katika wilaya moja ya kusini mwa Zambia, Kalomo, kwa msaada wa Wajerumani. Ilikuwa jaribio dogo la mashambani. Miaka ikapita, serikali ya Zambia ikaingiza pesa yake yenyewe, wilaya zikaongezwa, hadi nchi nzima ikaingia. Wanaostahili hutajwa kwa makundi: wazee, wenye ulemavu mkubwa (hao hulipwa mara mbili), wagonjwa wa muda mrefu wanaohitaji uangalizi, nyumba zinazoongozwa na watoto, na nyumba za wanawake wenye watoto wengi. Majina hutolewa na kamati za wakaaji wenyewe, watu wanaojua nani ana bati na nani ana turubai, halafu ofisi ya ustawi wa jamii hupima tena.

Watafiti wameifuatilia pesa ile kwa miaka. Walichokuta ni kwamba familia zilikula zaidi, zikanunua kuku na mbuzi, zikapunguza madeni. Ile hofu ya wakubwa kwamba masikini akipewa pesa mkononi atainywa haikuthibitika. Naiandika hivi kwa makusudi, kwa sababu nimeisikia hofu hiyo katika mikutano mingi ya hapa mjini, na kila mara kutoka kwa mtu mwenye chupa mezani.

Lakini usidhani kule ni peponi. Mwaka 2018 wafadhili, Uingereza ikiwa mbele, walisimamisha msaada baada ya pesa za mpango huo kupotelea njiani, na walengwa wakangoja. Mpango ulinusurika kwa sababu ulikuwa na mstari wake katika bajeti ya taifa na orodha ya majina. Mfadhili alipokunja mkono, mpango haukuwa na mwenye kuufunga.

Hapo ndipo tofauti yetu ilipo. Kongo nayo imelipa familia pesa mkononi, ila kama miradi. Kuanzia 2014 mradi wa STEP, uliosimamiwa na Fonds Social, shirika la serikali, kwa pesa ya Benki ya Dunia, ulilipa watu wa mashariki waliokumbwa na vita kwa kazi za mikono za kutengeneza barabara na mengineyo. Baada ya korona ukawa na sehemu ya Kinshasa iliyolipa kwa simu. Ndiyo maana huenda umesikia kutoka kwa ndugu wa Goma au Bukavu kwamba "serikali ilitoa pesa". Ilitoa kweli, kwa muda na mahali palipoandikwa katika mkataba wa mradi. Mradi ukiisha, hakuna wa kumdai. Na ule mpango mwingine unaotajwa sana redioni, wa maeneo 145, ni wa territoires, yaani wilaya za mashambani: Kipushi, Kasenga, Sakania na wenzao. Katuba ni komini (manispaa) ya mji, haimo.

Kwa nini basi sisi, wenye shaba yote hii, hatukujenga kitu cha kudumu? Jibu moja liko katika historia ya mji huu. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, tangu miaka ya 1920, iliamua kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao kambini, na ikawapa posho ya unga, hospitali, shule, nyumba. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliirithi desturi hiyo baada ya 1967. Babu zetu walizoea kwamba usalama wa nyumba unatoka kampuni, na serikali ikazoea kutokuwa na kazi hiyo. Gécamines ilipoanguka, chakula, dawa na ada ya mtoto vilianguka siku moja. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa jina la "kuondoka kwa hiari", wakapewa kitita cha mara moja. Wapo majirani zako wa Katuba wanaokumbuka kilidumu muda gani. Kampuni za leo zilichukua madini, hazikuchukua posho, na hatuwezi kuzilazimisha zirudishe kambi. Wala nisingetamani: mtoto asikose dawa kwa sababu baba amegombana na msimamizi wake.

Kwa hiyo turudi kwenye kodi. Hapa nakuomba uvumilivu kidogo, kuna hesabu.

Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inatoza mrabaha, ile tunayoita redevance, wa asilimia 3.5 ya thamani ya shaba inayouzwa, na asilimia 10 kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, kobalti ikiwemo. Pesa hiyo hugawanywa hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, au huko mashambani sekta au chefferie (eneo la chifu), ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Chukua mfano wa mgodi uliouza shaba ya dola milioni 500 kwa mwaka. Mrabaha ni milioni 17.5. Jimbo linapata karibu milioni 4.4, komini ya mgodi milioni 2.6 na zaidi kidogo. Nje ya huo, kampuni lazima itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka mgodi, yaani milioni 1.5.

Sasa linganisha. Kuzipa familia 10,000 dola 20 kila mwezi kwa mwaka mzima ni dola milioni 2.4, bila gharama za ofisi. Sehemu ya komini kwa mgodi mmoja wa mfano wetu ingetosha.

Ukisoma hapo utauliza: basi wanangoja nini? Hapa wanasiasa wengi hukosea, na wanaharakati pia. Pesa ya mrabaha inayokwenda jimboni na kwenye komini imefungwa na sheria: ni ya miundombinu ya msingi yenye faida kwa jamii. Burgumestre (mkuu wa komini) akiigawa mkononi kwa akina mama, hata kwa nia njema, amevunja sheria, na siku akiwa na maadui atajibu. Anayekuahidi "pesa ya redevance kila nyumba" wakati wa kampeni, ama hajasoma, ama anajua hujasoma.

Kuna na jambo linalowahusu ninyi wa Katuba hasa. Ile 15 inaifuata ardhi ya mgodi. Migodi iko upande wa komini za Ruashi na Annexe. Katuba haina mgodi, ina watu wanaolala baada ya kuchimba. Kwa hiyo macho yenu yawe kwenye ile 25 ya jimbo.

Lakini hata pesa iliyofungwa kwa miundombinu inaweza kufika jikoni, kutegemea kazi inafanywaje. Kanivo (mfereji wa maji ya mvua) linaweza kuchimbwa na mashine ya kukodi na watu watano, au na watu mia wenye koleo na toroli, wakalipwa kwa siku kupitia simu. Mashine huwahi kumaliza, na mwenye kampuni hupenda mashine. Lakini tuseme jimbo limeweka dola milioni 1 katika kanivo na barabara za ndani za Katuba na Kenya, na asilimia 40 ikawa mishahara ya dola 5 kwa siku. Hizo ni siku 80,000 za kazi: watu 1,000, kila mmoja siku 80. Kanivo linabaki, na unga umenunuliwa. STEP ilifanya hivyo mashariki, si ndoto. Kinachohitajika ni sharti liandikwe katika zabuni: sehemu fulani ya gharama iwe kazi ya mikono, wakaaji wa komini kwanza, wanawake sehemu yao inayojulikana. Lisipoandikwa, mkandarasi ataleta mashine na mpwa wake.

Pesa ya kulipa wasioweza kushika koleo, mjane kama yule wa Chililabombwe, lazima itoke kwingine: mapato ya jimbo yenyewe, au pesa inayorudi kutoka Kinshasa. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni ibaki jimboni, ikatwe papo hapo. Kwa vitendo husafiri kwanza Kinshasa, kisha hurudi ikiwa pungufu na imechelewa. Huwezi kumwahidi bibi wa miaka 70 malipo ya kila miezi 2 kwa pesa ya namna hiyo bila kuweka akiba. Madini yenyewe hayatabiriki: Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa miezi kadhaa ili kuinua bei, kisha ikaweka viwango vya kuuza. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, lakini anayepanga malipo ya kudumu juu ya mapato hayo aanze na mfuko wa tahadhari wa angalau mwaka mmoja.

Maoni yangu ni kwamba Haut-Katanga ingeweza kuanza na wazee wasio na pensheni wanaolea wajukuu, komini mbili tu, kwa edit (sheria ya bunge la jimbo) na mstari wake katika bajeti, hata kama kiasi ni kidogo. Dola 10 inayofika tarehe inayojulikana inamsaidia muuza bunga kupanga kuliko dola 50 inayokuja siku ya ziara ya mkubwa. Wewe unaijua hesabu hii kuliko mimi: 2024 ukame ulipoipiga Zambia na bunga ikaadimika huku, waliobaki sokoni ni wale waliokuwa na kitu kidogo cha uhakika, si waliokuwa na bahati moja kubwa.

Nani wa kuambiwa? Bunge la jimbo hujadili bajeti katika kikao kinachoanza mwisho wa Septemba na kufungwa Desemba. Kuandika barua Januari ni kuandikia kabati. Na msisahau kwamba tarehe 20 Desemba 2023 mlichagua madiwani wa komini, wale conseillers. Wako karibu, wanapita kwenye barabara ileile yenye mashimo. Kundi lenu la likelemba (mchango wa kupokezana), kama lina akina mama 20 wanaochangia kila wiki, tayari ni kundi lenye daftari, mweka hazina na nidhamu. Liandike barua ya ukurasa mmoja yenye ombi moja tu: kazi za kanivo na barabara za Katuba katika bajeti ijayo zifanywe kwa mikono ya wakaaji, na orodha ya wanaoajiriwa ibandikwe ukutani pa ofisi ya komini. Msiombe mambo kumi. Peleka nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Ila hiyo ni ya Septemba. Jumatatu hii ni zamu ya mume wako: kadi ya mgodini, picha za ujumbe wa malipo, majina ya mashahidi wawili na namba zao, na karatasi moja aliyoandika mwenyewe siku aliyoanza, siku aliyoachishwa, alilipwa kiasi gani kwa siku na nani alimlipa. Mkaguzi atamuuliza hayo manne kwanza.